Ukuta wa Turfena

Nililipwa kwa inchi. Naliweka hili mwanzo
msomaji ajue bei ya maneno yangu.
Inchi nane kutoka Kano, mafuriko ya Aprili,
na picha moja iliyokataliwa eti haina watu.

Walikuwamo. Walikuwa juu ya paa la zahanati,
wameipa kamera visogo,
wakitazama ng'ombe wanavyokwenda.

Turfena Awino alinipa sentensi moja,
maji magotini, sufuria kichwani:
"Tuta limebomoka palepale lilipobomoka."
Niliituma ilivyo, simu imebaki na chaji asilimia nne.

Kesho yake ilitoka ukurasa wa sita, imekatwa mkia:
Tuta limebomoka, asema mkazi.
Keshokutwa ikahamia ukurasa wa kumi na nne,
wanakokaa wenye maoni na picha zao ndogo,
kidevu juu ya ngumi.
Huko Turfena akawa "mwananchi wa kawaida,"
akawa "kielelezo cha utegemezi."
Mmoja alimtetea, akamwita mama yetu anayelia.
Hakulia. Nilikuwapo.
Alikuwa akihesabu kuku kwa sauti.
Mwingine akauliza kwa nini watu hawa hawahami.
*Watu hawa*, mara saba. Nilihesabu na mimi.

Nisijitie usafi.
Mwaka wa pili nilipewa safu,
maneno mia sita kila Alhamisi,
na ngumi yangu nayo chini ya kidevu.
Nikagundua maoni hayahitaji viatu vya mpira.
Maoni, nijuavyo, ni mtoto wa kuona;
yangu yalizaliwa Milimani, pazia limefungwa,
chai ya tangawizi ikipoa.
Maji yaliporudi Nyando niliandika *serikali iamke*,
nikapiga meza, kikombe kikaruka,
nikalala kama mtu aliyefanya kazi.

Juni nilikwenda kumwona.
Nyumba imekandikwa upya nje, ndani bado inanuka mto.
Ukuta mzima ni magazeti,
yamegandishwa kwa uji wa muhogo, safu juu ya safu.
Mjukuu wake, Quinter, alijifunzia kusoma humo:
alijua *ubadhirifu* kabla ya kujua *bata*.
Nikasoma nimesimama, kama mtu aliye makumbusho.
Wakati ni sasa. Tusilaumiane. Serikali iamke.
*Hadi lini?* ilikuwapo mara nne,
miaka minne, waandishi wanne,
na alama ya kuuliza ileile.

Kutoka kifuani kushuka chini, ukuta ulikuwa mtupu.
Mstari wa kahawia umepita, umenyooka kama rula,
na chini yake udongo tu:
maji yalikwisha kusoma, yakaondoka nazo.

"Yako ilikuwa hapa," akasema,
akiweka kiganja penye udongo.
"Ilikuwa nzuri. Nilimsomea mwanangu kwa simu, yuko Naivasha,
akasema huyu anajua kuandika.
Ila uliweka ng'ombe watatu.
Walikuwa wawili na ndama."

Nikasema ng'ombe ni ng'ombe, mama.
Akanitazama.
"Ndama ni ndama. Chifu alikuja na gazeti lako,
akaniuliza wa tatu nimemficha wapi."

Nikaahidi kusahihisha.
Masahihisho ni nusu inchi, ukurasa wa pili,
chini ya tangazo la waganga;
na mhariri angeuliza, ndama? mwaka mzima baadaye?
Nadhani aliyaona hayo usoni mwangu,
kwa sababu aliinama jikoni akarudi na kipande cha mkaa.

"Andika hapa."

Nikaandika, mkono ukichafuka:
Ng'ombe wawili. Ndama mmoja. Tuta limebomoka palepale.
Quinter akasoma, kidole kikifuata,
akageuka: "Palepale wapi?"
Nikaongeza *lilipobomoka*,
neno refu, likapinda mwishoni penye nguzo.

Turfena alirudi nyuma hatua mbili,
akapima kwa jicho kutoka ule mstari hadi maandishi yangu.
Akatikisa kichwa, akavuta kigoda kwa mguu.

"Futa. Panda," akasema. "Juu zaidi."