Namba Chini ya Rangi

Iko Vingunguti, uani kwa Mallya wa vyuma chakavu,
pua imeelekea machinjioni, tumbo juu ya mapipa manne.
Kuku ametaga kwenye shimo la gurudumu.
Mallya anauza kwa kilo. Mimi nimekuja na msasa
na daftari la baba.

Ubavuni pana namba nyeupe, kubwa, ya kujionyesha.
Hiyo usiiamini. Hiyo ni ya gwaride.
Nikasugua: kijani, na chini ya kijani namba nyingine,
na chini yake tena rangi ya fedha, tarakimu mbili
zimekaa kama kovu la ndui.

Baba, Koplo Luhwago, fundi wa Ukonga,
aliandika kwa penseli, kila siku mstari mmoja:
"Leo tumempa mkia wa mwenzake. Mwenzake hataruka tena."
Hakutaja ni yupi kampa nani.
Lakini pale kiunoni ribiti zinapinda, hazilingani.
Basi ninayemtafuta ni nani,
kiwiliwili au mkia?

Kibati chenyewe kiko ndani, nyuma ya kiti cha rubani,
unaingiza mkono mpaka begani, unapapasa.
Ribiti nne, moja imeng'oka.
Nikaweka karatasi juu yake, nikailaza penseli
kama watoto wanavyochora shilingi,
na namba ikapanda yenyewe, polepole:
herufi za Kichina, mwaka,
tarakimu ya mwisho ama tatu ama nane.

Mallya anacheka. "Dada, dude lako lina namba tatu!
Mimi NIDA wananizungusha mwaka wa pili,
eti cheti kinasema Malya, L moja."

Nikafungua daftari. Tatu haimo.
Nane imo, ukurasa wenye doa la mafuta, mwezi wa masika:
"Nane karudi anakohoa. Nimelala chini ya bawa lake."

Karudi. Anakohoa.
Na mimi tangu asubuhi nasema iko, ina, imeelekea.

Kesho unakuja mtungi wa gesi na mwali wa kukatia;
bei ya alumini imepanda.
Nimeomba kibati tu. Mallya kakiweka kwenye mizani,
mshale haukutikisika. "Chukua."

Chini ya mwandiko wa baba nimeandika, kwa penseli:
Yuko Vingunguti. Mkia si wake.