Shingo Upande

Baada ya skafu ya Remigio kunaswa na mkanda wa msumeno
tukamkuta amepiga magoti, kakumbatia chuma,
kaokolewa na sufu mbovu iliyokubali kukatika,
bwana Ojeda alibandika tangazo mlangoni:
marufuku kitu chochote chenye ncha ya kuning'inia.

Coyhaique, mwezi wa Juni.
Baridi ya hapa haibishi hodi,
inakukamata shingoni kama mkono wa mdai.

Basi Nélida wa kantini akatoa gunia chini ya kaunta:
kulabu saba za mbao, mabonge ya sufu ya kijivu
yenye harufu ya kondoo aliyenyeshewa.
"Kola," akasema. "Mviringo. Huingilia kichwani,
haina mwanzo wala mwisho, haina cha kunaswa. Kaeni."

Tulikaa shingo upande,
wanaume saba, vidole sitini na saba
(hesabu za kiwanda cha mbao ndivyo zilivyo).

Fundo la kwanza ni kitanzi.
"Kisiwe cha kunyonga. Kulabu ipite
kama mgeni anayeijua nyumba."
Kisha mnyororo: vuta uzi, pitisha, vuta, pitisha,
ishirini na nne, na kimoja cha kugeukia.
Mimi nilikaza. Mimi hukaza kila kitu: bolti, mlango, maneno.
Mnyororo wangu ukasimama wima wenyewe, kama msumari.
Nélida akautazama.
"Evaristo, uzi haujakukosea kitu."
Akavuta ncha moja tu,
na kazi ya mchana mzima ikafumuka kwa pumzi moja.

Kufuma, kufumua:
silabi moja tu ndiyo inayoyatenga.

Juma la pili tukapewa siri ya unene.
Tundu hili fundo fupi, linalofuata refu,
fupi, refu, fupi, refu mpaka ukingoni.
Ukirudi, juu ya fupi weka refu,
juu ya refu weka fupi,
wala usiulize.
Polepole kitambaa kinaota vipele,
vichuguu na vibonde, ukikipapasa ni kama
njia waliyopita mbuzi kabla tope halijakauka,
na kila kibonde kinafuga joto lake.

"Na mhesabu! Kila mstari, ishirini na nne.
La mwisho hujificha pembeni
kama mtoto asiyetaka kuoga."

Sikuhesabu.
Mimi huhesabu mbao tangu alfajiri,
saa ya chakula nilitaka kuiacha bila tarakimu.
Ndiyo maana kola yangu ilianza na upana wa shubiri nzima
ikaishia na vidole vinne.
Wenzangu wakacheka hadi chai ikawapalia.
Nikashika uzi nifumue, Nélida akanizuia kiganja.
"Urefu umetosha. Kunja. Shona ncha kwa ncha."

Nimeivaa hivyo hivyo majira yote ya baridi,
imeinamia bega la kushoto, shingo upande kwelikweli,
na unga wa lenga umejaa vibondeni
hautoki hata nikiikung'uta.

Remigio alirudi Agosti.
Shingoni ana mstari mwekundu, mwembamba
kama mnyororo wa kwanza wa mwanafunzi.
Hakusema neno. Alitutazama shingo zetu, moja moja,
akaishia kwenye yangu.
"Hiyo iliyopinda, nani kaifuma?"
"Mimi."
Akavuta benchi.

Kulabu aliishika vizuri kuliko sisi wote.
Lakini tulipofika kwenye kitanzi, mkono ukagoma.
Uzi ulikuwa pale, umejiviringa juu ya meza,
mdogo, usioweza kumdhuru hata panzi,
naye akautazama, jasho likamtoka katika baridi ile.

Kantini yote ikashughulika na vijiko.

Nikakishika mimi hicho kitanzi,
nikakipanua kwa vidole viwili
mpaka kikawa dirisha.
Akapitisha kulabu, akavuta.

"Moja," nikasema.

Tulikuwa kwenye tisa king'ora kilipolia.