Nusu

Watoto huhesabu nusu.
Mjukuu wangu Tindra, akiulizwa umri,
husema sita na nusu,
kidole cha mwisho kakikunja
ili tujue nusu nayo ni kitu.

Sisi tuliacha zamani. Nusu zetu zilidondoka
kama vifungo vya koti, hatukurudi kuziokota,
hadi ilipokuja barua, hapa Duluth, mwezi wa pili,
theluji ikichungulia dirishani:
Bibi Haugen, fedha za uzeeni
hufunguliwa kwa miaka hamsini na tisa
na nusu.

Nina hamsini na nane na miezi minne.

Tanuri la kupashia nyumba joto lilizimika Jumapili.
Orrin fundi alipiga magoti, akamulika tochi,
akainuka kama daktari anayetafuta maneno.
Elfu tisa.

Miaka ishirini na sita nililisha mashine magogo
kiwanda cha karatasi. Kila mshahara walimega kidogo
kabla sijauona, na kodi ikanipungia mkono kwa mbali:
hicho sikigusi leo, tutaonana.
Haba na haba, nilijua.
Sikujua kibaba kina mlango,
na mlango una saa.

Verna Maki, anayetujazia fomu chini ya maktaba,
alilamba ncha ya penseli akaandika:
kodi ya taifa, kodi ya jimbo,
halafu kumi kwa mia, ya haraka yangu.
Ili tisa zinifikie mkononi
zitoke karibu kumi na tatu.

Tukasoma orodha ya waliosamehewa:
asiyejiweza, mwenye kichanga,
mwenye karo, mnunuzi wa nyumba ya kwanza,
na aliyekufa.
Mwenye baridi hayumo.
Ipo elfu moja ya dharura, Verna akasema,
na sote wawili tukaitazama
kama blanketi la mwanasesere.

Kisha akauliza, polepole:
mbona ulizihamisha?
Ungeziacha kwenye mfuko wa kiwanda,
uliyetoka kazini na hamsini na sita,
ungechota bila faini.

Nilizihamisha wiki waliyofunga mageti.
Sikutaka hata senti yangu
ilale chini ya dari lao.
Hasira hasara, husema watu, na huishia hapo.
Yangu imeandikiwa kiasi chake.

Nimetia sahihi.
Au niseme, mkono umetia; mimi nilikuwa
nikihesabu miezi kumi na minne,
soksi mbili mbili, sufuria la maji juu ya jiko,
nikaona sifiki.

Jioni Tindra kaja na glavu zake,
kakaa karibu na hita ya kuazima.
Bibi, una miaka mingapi?
Hamsini na nane na theluthi.
Akatazama vidole vyake kwa muda mrefu,
akajaribu kukikunja kimoja
kidogo kuliko nusu,
kikamkatalia.