Kumimina Bila Kupunguza

Nilipofungua boksi la kompyuta ya chama, Tandahimba,
feni ilikohoa unjano:
salfa ya misimu sita, hiyo hiyo ya mikorosho,
imelala juu ya saketi kama unga usoni mwa mwali.

Bi Somoe Nampota, karani, alisimama nyuma yangu
na chupa yake ya chai na shaka yake.
"Nikiiwasha inanionyesha mstari mwekundu.
Nimefuta kaswida zote. Nimefuta picha za harusi ya Fadina.
Bado inasema imejaa.
Sasa nifute nini, wakulima?"

Ya zamani, giga mia na ishirini, inazunguka kwa kukwaruza.
Mpya, tera moja, nyepesi kuliko biskuti,
imepanda basi kutoka Mtwara ndani ya soksi.

Nikamweleza: hatuanzi upya.
Tunahamisha mfumo wote ulivyo,
mlango wake, funguo zake, tabia zake mbaya,
hadi ule ukaidi wa kuandika mwezi kabla ya siku.
"Na ukihama, ya zamani inabaki tupu?"
Hapana, Bi Somoe. Inabaki imejaa vilevile.
Akacheka kwa pua.
Huku juu uwandani maji tunanunua kwa ndoo,
kumimina tunakujua: pipa likipanda, ndoo imeshuka,
na tone la njiani ni la mchanga.
"Maji yako hayo," alisema, "ningeyauza."

Saa mbili usiku nikabonyeza.
Asilimia nne.
Asilimia tisa.
Majina yalikuwa yakipita humo ndani, siyaoni, nayajua:
Likwati, magunia kumi na mawili, daraja la kwanza.
Chinguile, amelipwa.
Nachihangu, hajalipwa, wala mkononi hatalipwa,
tulimzika Machi, malipo ya pili yakiwa bado benki.
Naye alinakiliwa, sekta kwa sekta.
Mashine haikumruka.

Asilimia hamsini na tatu, umeme ukakatika.

Sikusema kitu.
Betri ya akiba ikaanza kulia, pii, pii,
kifaranga kilichosahauliwa kapuni,
robo saa ya uhai, kama ingefika.
Bi Somoe alikwishatoka na tochi.
Nikamsikia akigonga kwa Abilahi kinyozi, mwenye jenereta:
"Amka wewe! Nina watu mia nne, wako katikati ya njia!"

Alfajiri nikaifunga mpya kwa skrubu mbili,
ya tatu sijui ilikoangukia.
Nikawasha. Weusi. Kistari kikapepesa, kikapepesa.
Halafu saa ile ile, inayochelewa dakika saba,
na faili zake zilivyotapakaa, kama alivyoziacha.
Haikujua kama imehama.
Imeamka kama mtoto aliyelala mkekani
akabebwa kitandani usiku.

Nikasogeza mipaka, nikaipa ile nafasi isiyo na mwenyewe.
Mstari ukawa wa buluu, mfupi, wenye haya.
Bi Somoe aliutazama muda mrefu.
"Kumbe harusi ingeenea."

Ya zamani ilikuwa mezani, bado ina joto.
Nikaichomeka tena pembeni.
Kilichofutwa, mara nyingine, hakijaondoka,
kimenyang'anywa jina tu.
Sikumwahidi. Nilimwambia,
"Mimina chai, Bi Somoe. Hii itachukua muda."