Wa Mia na Moja

Kibandani kwangu Mbale, nyimbo mia kwa shilingi elfu mbili.
Wateja wanataka zile za redio:
gari la kuazima, mkufu wa kuazima,
hata kikohozi cha kuazima.
Nawajazia. Mwenye nyumba hali mistari.

Khainza alileta wake kwenye simu iliyopasuka kioo.
Aliurekodi chooni kwa shangazi, Namatala,
blanketi mlangoni;
ubeti wa pili, mtu anabisha hodi,
naye anamjibu kwa vina,
hapotezi mdundo.

Niliurudia mpaka betri ikafa.

Tangu hapo huuweka wa mia na moja
kwenye kila kadi,
bila bei, bila neno.
Jana fundi baiskeli alirudi, mikono grisi:
"Ule wa mwisho, wa hodi.
Anao mwingine?"