Kabla ya Kutaja Jina

Miaka thelathini na mmoja nilikaa mbele ya ubao wa simu
pale Vágur, kisiwa cha kusini kabisa cha Faroe,
plagi mkononi, visikizi masikioni,
nikiunganisha mke na nahodha, mdai na mdaiwa.
Upepo ukichuna nyasi za paa, nipo.
Theluji ikiziba mlango, nipo.

Sikuzaliwa na sikio hilo.
Mwaka wa kwanza nilimuunganisha mchungaji na duka la chambo,
akahubiriwa bei ya ndoano.
Jóngerð aliyenifunza kazi hakunigombeza.
"Maneno huazimwa, mwanangu," alisema.
"Sikiliza pumzi iliyotangulia neno."

Basi nikajifunza pumzi.
Hjalgrím hukohoa mara mbili kabla ya kuomba mkopo.
Mjane wa Porkeri hunyamaza kwanza, kama apangaye vikombe.
Na alikuwapo mmoja, muuza bima wa Tórshavn,
sauti ya asali, sauti iliyopigwa pasi,
kila neno lake kweli, na yeye mwongo.
Nilimtambua kwa haraka:
hakuweza kumngoja mtu akaushe mikono.

Lakini Mungu,
huyo nilimngojea kishindo.
Kanisani, kiti cha tatu, mgongo wima,
nikikinga sikio kama pipa la mvua,
nikamwambia: Taja jina, nikuunganishe.
Kimya.
Nikadhani waya umekatika upande wake.

Zikaja sauti nyingine, nene, zenye aya mdomoni.
Moja ilisema dada yangu Sunnvá amenidhulumu,
kwamba haki ni haki na shamba la baba ni shamba la baba,
nisimpigie; naye akipiga, nichelewe kuitika.
Ilisema upesi. Ilinisifu.
Miaka tisa niliitii, nikiiita dhamiri.

Usiku mmoja wa Februari, dhoruba,
ubao mzima umelala, nafuma soksi,
nikasikia, si kwa sikio hili:
*Muulize kama ana makaa.*

Ni hivyo tu. Hakuna radi, hakuna aya.
Nikafuma mistari miwili zaidi, kusudi.
Haikurudia. Haikuondoka.
Ikaningoja nikaushe mikono.

Ndipo nikaijua pumzi ile.
Ndiyo iliyonitoa kisikizi sikioni
daktari alipokuwa akimpa mtu habari isiyonihusu.
Ndiyo iliyonirudisha dukani, mvua inanyesha,
na sarafu moja iliyozidi kwenye chenji.
Kumbe miaka yote alikuwa akipiga,
na mimi nikiitika vitu vidogo vidogo
bila kuuliza nani.

Nikachomeka plagi. Ikalia mara tano.
Simu ikainuliwa; upepo; pumzi.
Sikuwa nimesema kitu.
"Elspa," akasema Sunnvá.

Makaa alikuwa nayo. Tuliongea juu ya viazi.
Shamba hatukuligusa, na mpaka leo halijagawanywa.

Baadaye ikaja mashine, nikapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.
Msidhani nimehitimu.
Juzi tu nilikiunganisha tena kiburi changu na madhabahu,
wakazungumza saa nzima, wakaelewana sana,
hata nikashtuka: mbona huyu hapumui?
Nikachomoa.
Nikakaa gizani na waya mkononi,
nikisikiliza.