Oili Nyeupe

Usiku kucha niliiacha imesimama wima
kwenye stendi ya mbao, isiwashwe, isitikiswe.
Maji ni mazito kuliko oili;
ukiyapa utulivu yatajishusha yenyewe yakae chini,
kama mgeni asiyejua kwamba ameshaonekana.

Asubuhi nikafungua skrubu ya chini.
Kikatoka kwanza kijiko cha maji ya bwawa,
kisha ndiyo ikafuata oili, shingo upande,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa ikatanda.
Sechelela akainama, akanusa.
"Hii ni oili au mtindi?"
Nikamwambia: ni oili iliyolala na maji.

Ufundi nilijifunzia kwenye mashine ya kusaga, Kibakwe,
mbali na chochote kinachoelea.
Kule uvujaji ulikuwa doa jeusi kwenye unga wa mtama
na kina mama kurudi na madebe, wakinitafuta.
Nilipofika Mtera nikadhani injini ni injini.
Kumbe ya kusaga hutoa tu.
Ya boti hutoa, na huingiza,
na mara nyingi mlango ni uleule.

Kwa hiyo siulizi inavuja wapi.
Nauliza: nani anakwenda kwa nani?
Ukiona rangi za upinde wa mvua zikikufuata nyuma,
oili inahamia bwawani.
Ukiona kijiti cha kupimia kimepanda
na hakuna aliyeongeza kitu,
usifurahi. Hakuna injini inayonenepa kwa afya.

Ndahani, mdogo wake, alikuwa na jibu tayari:
kisiki.
Kweli, visiki vipo. Miti iliyofia majini bwawa lilipojaa
bado imesimama, na usiku haionekani.
Lakini kisiki huacha kovu.
Nikapitisha kidole kwenye mapanga ya propela, moja, la pili, la tatu.
Laini kama sahani.

Nikaazima pampu yake ya baiskeli,
nikaifunga kwenye tundu la juu,
tukauzamisha mguu wa injini ndani ya nusu pipa.
"Taratibu," nikamwambia. "Hata sili nzima
hupasuka ikionewa."
Akapampu. Tukakodoa macho.
Kwenye maungio, kimya.
Kwenye skrubu, kimya.
Kwenye shafti, nyuma ya propela:
povu moja.
Tukangoja.
Povu jingine.

Nikavua propela.
Pale shingoni palikuwa na pete ngumu kama ukucha,
uzi uliojizungusha, ukapata moto, ukayeyuka,
ukasaga mdomo wa sili hadi maji yakapata pa kupita.
Nikaufumua kwa pini ya nepi, nusu saa nzima.
Nikaunyoosha juani: haukuwa na kivuli.
Uzi wa wavu halali husokotwa.
Huu haukusokotwa.

Hakuna aliyetamka neno timba.
Ndahani alikuwa anaifuta pampu yake
mahali palipokwisha kuwa safi.
Sechelela hakumtazama yeye, alitazama mikono yangu,
nami nikaikumbuka sahani yangu ya jana jioni:
ugali wa uwele, na samaki wasiozidi kidole cha mwisho.
Nilikula. Sikuuliza matundu ya wavu.

"Itachujika?" akauliza, akionyesha kopo.
Haichujiki. Mwaga mbali na maji, tia mpya,
endesha saa moja, fungua, tazama tena.
Sili nimeagiza, itakuja na basi la Iringa kesho kutwa.
Nitaivalisha na grisi, mdomo wake ukitazama nje,
maana kazi yake hapa ni kuzuia anayekuja.
Anayetoka ana sili yake nyingine, ya ndani.
Ile bado nzima.

Bei niliiandika nyuma ya karatasi ya sigara.
Uzi niliukunja nikautia kwenye kasha la kiberiti,
nikampa vyote viwili kwa pamoja.
Karatasi aliisoma.
Kasha hakulifungua.
Alilitikisa kidogo karibu na sikio,
kama mtu anayetaka kujua
njiti zimebaki ngapi.